Abiria wa Behewa la Sita

Mke wangu Ramula alikufa Mbale mwaka wa sabini na tisa, kwenye baraza ya duka lililofungwa, amekumbatia injini ya treni. Si treni ya kweli. Ni ya bati, ya mtoto kuchezea, urefu wake kiganja kimoja na nusu. Na mtoto mwenyewe hakuwa wetu. Sisi hatukujaliwa.

Wapo wanaosema Adrisi amerukwa na akili, anazunguka vijiji kudai vitu vya watoto. Mimi niliishia darasa la nne, lakini akili ninayo. Anayetafuta waliorukwa na akili akatafute kwa wakubwa.

Mwaka wa sabini na mbili Ramula alikuwa yaya Jinja mjini, kwa Bi Gulbanu, Mhindi mwenye duka la vitambaa. Wakubwa wakaamka siku moja wakasema Wahindi wote watoke, siku tisini. Barabarani askari walikuwa wakivua watu bangili, saa, hata viatu vya watoto. Bi Gulbanu akamwita Ramula akampa sanduku la treni ya mwanawe Nizar: injini moja ya kutia ufunguo na mabehewa sita mekundu.

"Hii ni amana, Ramula. Nizar atakuja kuichukua."

"Itamfikia," Ramula akasema.

Kwetu sisi Wanubi neno hilo halichezewi. Mtu akifa na amana ya watu mikononi hapumziki, mpaka kitu kirudi kwa mwenyewe na mwenyewe atamke kwamba kimemfikia. Miaka saba sanduku lilikaa chini ya kitanda chetu Bugembe, nje kidogo ya Jinja. Kila Ijumaa Ramula alilitoa, akafuta vumbi, akarudisha. Mimi fundi bati, mikono ilikuwa inaniwasha niishike tu ile injini nione ilivyoundwa. Hakuniruhusu.

Vita vilipofika, wakubwa walipanda ndege. Sisi tulikwenda kwa miguu. Majirani walikuwa wanasema Mnubi yeyote ni askari wa wale waliokimbia. Mimi maisha yangu sijashika bunduki, nimeshika nyundo na mkasi wa bati, lakini nani alikuwa na nafasi ya kusikiliza? Ramula akaifunga injini mgongoni kwa kitambaa, kama mtoto. Mabehewa hayakuingia.

"Tupa hiyo, beba unga!" nikamfokea.

"Unga ni wetu," akanijibu. "Hii ya watu."

Tukaacha unga. Tulipofika Mbale kuhara kulimshika, na madukani hakukuwa hata na chumvi ya kumkorogea maji. Siku ya tatu akafungua macho akasema, "Adrisi, mabehewa." Hakusema tena. Nikamzika hapo hapo Mbale na watu wanne nisiowajua. Kisha nikafungwa miaka miwili kwa kosa la kabila. Niliporudi Bugembe nyumba haikuwa na mlango wala mabati. Injini nilikuwa nimeiacha kwa imamu aliyemsalia Ramula, akanirudishia, Mungu ambariki. Ndiye mtu pekee aliyewahi kunirudishia kitu bila kuombwa.

Wakaja wakubwa wengine, na wengine tena. Mimi nikakaa chini ya kibanda changu nikitengeneza sigiri, yale majiko ya makaa, na tadooba, zile taa ndogo za kopo. Mpaka mwaka wa tisini na tatu, binamu yangu Mutwalibu alipokuja mbio kutoka Jinja.

"Wahindi wanarudishiwa nyumba! Nizar wako anakuja, bwana. Mtu mzima sasa, ana kitambi."

"Lini?"

"Mwezi ujao, wanasema."

Nikaweka nyundo chini. Injini ilikuwepo. Mabehewa yalikuwa kwa majirani, na kila mtu Bugembe alijua nani alibeba nini kwangu siku ile tulipokimbia. Unasalimiana na mtu kila asubuhi, na mlango wako umo kwenye nyumba yake.

Nilianza na Topista, muuza nyanya. Behewa alikuwa amelifanya kikopo cha chumvi.

"Mzee Adrisi, mimi sikuiba! Nilikuta njiani."

"Njia gani, Topista? Ile inayopita chini ya kitanda changu?"

Walio sokoni wakacheka. Akamwaga chumvi kwenye karatasi, akanirushia behewa. Chumvi ilikuwa imekula sakafu yake yote. La pili lilikuwa limezibia tundu la panya. La tatu na la nne niliyapata kwa mshona viatu, ameweka misumari humo. La tano, sijui nicheke au nilie, lilikuwa kwa Mutwalibu huyu huyu.

"Nilikuwekea," akasema, hanitazami.

"Miaka kumi na minne?"

"Sasa ningekupa vipi? Ungeuliza na redio yako iko wapi."

Nikakaa nayo kazini. Bati la zamani hulifanyii haraka. Nilinyoosha mabonde kwa mgongo wa kijiko na nyundo ya mti, nikakata magurudumu yaliyopotea kwenye makopo ya samaki, nikatia lehemu sakafu ile iliyoliwa na chumvi. Springi ya injini ilikuwa imekatika. Nikaweka ya saa ya ukutani, nikaipunguza kwa tupa mpaka ikakaa. Rangi mpya sikupaka. Mutwalibu alileta kopo la rangi nyekundu nikamfukuza. Nizar ataitambua treni yake kwa makovu yake, sio kwa rangi yangu. Kuosha nako niliahirisha. Bati la seti moja unaliosha kwenye karai moja, maji mamoja ya uvuguvugu na sabuni kidogo, usipofanya hivyo moja litang'aa na jingine litafifia. Nikangoja la sita.

La sita lilikuwa kwa Otim, askari magereza aliyekuwa jirani yetu. Nilisikia alihamia Mbale, upande wa viwanda, na kwamba alikwisha kufa. Nikaenda. Lakini kwanza nilipita kwa mwenyekiti wa mtaa huo, Mafabi, kwa sababu nchi hii imenifundisha kwamba bila mhuri huna haki hata ya shati lako. Mafabi alinikalisha toka asubuhi mpaka adhuhuri, akanywa soda niliyomnunulia, akaandika mistari miwili akagonga mhuri.

Mke wa Otim, Jovia, nilimkuta uani anapepeta mtama wa watu. Alinitambua kabla sijasema.

"Wewe ni bwana ya Ramula."

"Ndiye. Nimekuja kuchukua behewa."

Nikamkunjulia barua. Hakuisoma. Alitazama mhuri tu.

"Umekuja kwa mimi na stempu, Mzee? Ramula alikuwa nasuka mimi nywele."

"Mume wako aliingia kwangu akabeba."

"Ndiyo, alibeba. Alileta kwa mtoto."

Akaingia ndani akakaa sana. Alipotoka alikuwa amelishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba uji wa moto. Lilikuwa zima kuliko yote, limeshika masizi tu. Kwenye madirisha, ndani, niliona vichwa. Vichwa vidogo vya udongo.

"Ochwo alifanya hawa," akasema. "Alikuwa na miaka saba. Alifungua hapa chini, akaweka watu yake, akafunga. Huyu wa kofia ni baba yake. Huyu ni mimi."

Ochwo nilimkumbuka kidogo, mtoto wa kamasi aliyependa kusimama kibandani kwangu.

"Yuko wapi siku hizi?"

"Mwaka themanini na saba, watu walikuja na lori. Walisema vijana waende kulinda reli. Walikuwa na bunduki, hata leo sijui walikuwa wa nani. Alikuwa na miaka kumi na tano." Akapangusa dirisha la behewa kwa kidole. "Kaburi hakuna. Picha hakuna. Iko hii."

Ningeweza kumwachia. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko ninavyofikiria chakula. Lakini nilimwona Ramula kwenye ile baraza, nikajiambia: huyu ni mke wa mwizi, na mimi nina barua.

"Ni amana ya watu, Mama Ochwo. Lazima irudi."

Akanipa.

"Chukua behewa, ni yenu. Watu iliyo ndani ni yangu. Utafungua taratibu, utatoa, utaleta kwa mimi. Hiyo sasa ni amana yangu kwako. Sema."

"Itakufikia," nikasema.

Nilirudi Bugembe nimelipakata. Nia yangu ilikuwa njema, nasema kweli. Behewa la bati halina skrubu. Limeshikwa chini na vilimi vidogo vya bati vilivyokunjwa, unavinyanyua kimoja kimoja kwa kisu kisicho na makali, maana kikikatika hakirudi. Kazi ya saa moja. Nilikuwa nimeketi kuifanya, kisu mkononi, Mutwalibu akaja anahema.

"Yuko Jinja! Amefika jana, anaondoka kesho mchana. Wale wa ofisi ya nyumba walikosea tarehe!"

Walikosea tarehe. Ndivyo wakubwa wanavyokosea, na wewe ndiye unayekimbia. Nikainuka. Moto, sufuria, maji, sabuni, karai. Mikono yangu imefanya kazi hii miaka thelathini, hainiulizi. Nikayatia mabehewa yote sita kwenye karai, maji mamoja, kama inavyotakiwa. Nikageuka kuipaka injini mafuta.

Niliporudi maji yalikuwa mekundu.

Kwanza nilidhani rangi imetoka. Nikatoa la kwanza, rangi ipo. La pili, ipo. Nikatoa lile la Jovia, na kwenye madirisha yake kulikuwa kunatiririka tope. Udongo wa mtoto haukuchomwa motoni, ulikauka juani tu. Nikalifungua kwa haraka, kilimi kimoja kikakatika, na ndani hakukuwa na mtu. Kulikuwa na tope kama lile la ukingoni mwa kisima.

Mutwalibu akachungulia. "Udongo tu, bwana. Finyanga wengine. Huyo mama atajua?"

Nikamtukana mama yake, ambaye ni shangazi yangu.

Kesho yake nilikuwa Jinja, treni nimeitia katika sanduku jingine. Nizar alikuwa amesimama katika sebule tupu ya mama yake pamoja na bwana mmoja wa ofisini mwenye faili.

"Wewe mzee, kama unakaa humu, mwezi huu uhame," yule bwana akaniambia hata sijasalimu.

"Sikai humu. Nimeleta mzigo wa Bi Gulbanu, kutoka kwa Ramula."

Nizar akageuka. Nilifungua sanduku sakafuni, nikayaunga mabehewa sita nyuma ya injini, nikatia ufunguo. Treni ikaenda. Ikapiga duara kwenye ile saruji iliyopasuka, ikapita kati ya viatu vya yule bwana wa faili, akainua mguu. Nizar akapiga magoti na suruali yake nzuri. Aliligusa behewa la tatu, mahali palipobonyea zamani, akasema, "Hapa nilikanyaga mimi."

"Mama yako?" nikamuuliza.

"Alifariki miaka mitano iliyopita. Alikuwa anasema Ramula hawezi kuipoteza."

"Sema imekufikia, bwana. Nahitaji kuisikia."

Akanitazama, akaelewa. "Imenifikia, Mzee. Amana ya Ramula imenifikia."

Miaka kumi na minne nilikuwa naingoja siku hiyo. Nilidhani nitalia, au nitacheka. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua, na kitu pekee nilichofikiria kilikuwa kopo la maziwa ya unga lililoko nyumbani, nilimokusanya lile tope, nalo limeanza kukauka.

Sikufinyanga wengine. Usinisifu kwa hilo. Nilijaribu. Nilifanya mmoja wa kofia, mikono ya fundi, kofia imekaa sawa, mabega sawa. Hakuna mtoto wa miaka saba anayefanya mabega sawa. Nikambonda.

Nilipofika Mbale Jovia alikuwa kwenye kazi ile ile, anapepeta. Aliona kopo, akafurahi. Alidhani nimewafunga vizuri humo wasivunjike. Akajifuta mikono kwenye gauni ndipo akalipokea. Akafungua.

Nilieleza. Nilieleza habari za ofisi iliyokosea tarehe, za Nizar kuondoka mchana, za seti kuoshwa maji mamoja. Nilisikia sauti yangu inavyoeleza. Niliwahi kuisikia sauti hiyo, katika redio, kila wakubwa wanapobadilika.

Hakupiga kelele. Alitia kidole katika lile tope lililokauka, akalivunja vipande.

"Ulitoa wangapi?"

"Sikutoa. Niliona vichwa vitano dirishani."

"Walikuwa sita," akasema. "Mmoja alikuwa nalala chini ya kiti. Ochwo alisema huyo ni yeye, hana tiketi, anaficha asionekane."

Nikatazama vile vipande vya tope.

"Mzee Adrisi, nauliza wewe kitu moja. Nani alikuamuru kutia maji?"

Maisha yangu yote swali hilo nimekuwa na jibu lake tayari, na majina, na vyeo.

"Hakuna," nikasema. "Ni mimi."

Akafunika kopo, akaliweka ndani ya mlango, mahali behewa lilipokuwa likikaa. Niliona alama yake kwenye masizi ya ukuta. Kisha akarudi kwenye ungo wake. Hakunifukuza, na hakunikaribisha. Nilimngoja atamke kwamba imemfikia. Nilingoja mpaka mtama ukaisha kupepetwa, akaukusanya, akaingia ndani, na mlango akaurudisha.

Nina miaka sitini na nane. Kila mwezi naenda Mbale kufyeka majani kaburini kwa Ramula, halafu napita pale uani. Naketi kwenye jiwe. Wakati mwingine ananipa maji. Lile neno hajalisema.