Mwiba wa Ukweni

Siku ya kumi na tisa ya homa, Nazari aliliona ziwa likipanda mlima. Alikuwa amelala wodini Mbinga, na maji ya Nyasa yakaja taratibu katikati ya mibuni, yakaingia dirishani bila kelele, yakakinyanyua kitanda chake. Akaelea. Samaki wakubwa wakapita chini yake mmojammoja, wakimtazama kwa huruma. Kulikuwa kuzuri kule, kimya na baridi tamu, na kama si maumivu ya chembe cha moyo asingerudi.

"Baba Urban, usiende mbali hivyo," alisema mkewe, Bonifasia, akimfuta jasho kwa khanga.

Huyu Nazari si mtu wa kulala mchana. Kule Lituhi ndiye anayenunua samaki mitumbwi inapofika ufukweni na kuwapandisha huku milimani kuwauza. Homa ilipoanza alimeza dawa ya malaria. Haikushuka, akameza tena, maana sisi malaria tunaisingizia hata makosa ambayo haikuyafanya. Alipopimwa akaambiwa hana malaria, akabishana na kipimo! Hadi macho yakaingia umanjano na suruali ikawa ya kushikiliwa kwa mkono, ndipo Bonifasia alipompandisha Mbinga, atake asitake.

Daktari Asnath, binti wa watu aliyehamishiwa huku kutoka Mara, alikuwa mpole wa sauti na mgumu wa maswali. Alimbonyeza chini ya kifua, Nazari akapiga yowe. Akampaka mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kipimo cha ultrasaundi, kisha akakigeuza kioo ili mgonjwa naye aone.

"Unapaona hapa peusi, baba? Pangekuwa ini. Sasa ni usaha. Una jipu ndani ya ini, kubwa kama chungwa."

Nazari alitazama weusi ule mpaka ukaanza kutikisika kama maji usiku. Sauti ya daktari ilimfikia kwa mbali. Majipu ya ini yako ya namna mbili, alikuwa akieleza, ya amiba na ya bakteria. Dawa alizoanzishiwa zilikuwa za kupambana na yote mawili, na damu yake ilikuwa maabara ikioteshwa ili vijidudu vijulikane.

"Ila bakteria hawaingii kwenye ini bila mlango," alisema daktari. "Na huu mstari mweupe katikati ya weusi siupendi. Uliwahi kumeza kitu? Mwiba wa samaki?"

"Mimi? Mtu wa Lituhi nimeze mwiba?"

Jamani, wanaume! Alikuwa ameumeza, tena siku aliikumbuka vizuri. Mwezi mmoja na nusu nyuma alikwenda ukweni, Litumbandyosi, na samaki mnene aina ya mbasa mkononi. Walipoketi kula akaanza utani wake: "Nyie watu wa milimani mnamla samaki kama mnaogopa atawang'ata. Tazameni tunavyokula sisi." Hajamaliza maneno, mwiba ukamkwama kooni. Na mbele yake ameketi mama mkwe, Mama Emerensiana mwenyewe. Utakohoaje mbele ya mama mkwe? Utatia kidole kinywani? Akafinyanga tonge la ugali la ukubwa wa ngumi, akalimeza bila kutafuna. Mwiba ukashuka. "Tamu sana, mama," akasema, machozi yakimlengalenga.

Alirudishwa wodini, na homa ikamchukua tena. Safari hii alitembea chini kabisa ya ziwa, mchanga ukiwa laini kama unga, hadi akafika mahali palipotandikwa mkeka na ndugu zake waliokufa wameketi wakila. Wakamsogezea sahani. Alipoinama kunawa, akamsikia mtoto akimwita baba huko juu, akaogopa, akaogopa hasa.

Alipofumbua macho, daktari alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Bonifasia yupo. Na kwenye benchi, chupa ya uji mapajani, yupo mama mkwe, aliyefika asubuhi ile kumjulia hali.

"Leo nitauvuta usaha kwa sindano," alisema Daktari Asnath. "Lakini nikiacha kilichouleta, utajaa tena, na sijui kama mwili wako utastahimili mara ya pili. Nakuuliza kwa mara ya mwisho, baba. Kuna kitu ulimeza?"

Nazari alimtazama mkewe, kisha akatazama ukuta.

"Mwiba," alisema. "Mwiba wa mbasa. Nikausukuma kwa tonge."

"Wapi?" Bonifasia aliruka.

"Nyumbani kwenu. Nilimwonea mama aibu."

Daktari hakucheka. Alisema sasa anajua anachokitafuta, na kwamba sindano peke yake haitatosha, atamwita mpasuaji autoe huo mwiba. Akatoka haraka, karibu akimbie.

Mama Emerensiana aliiweka chupa chini.

"Nilikuona," alisema polepole. "Machozi yako niliyaona siku ile. Nikajua umekwamwa. Nikasema, mkwe hafedheheshwi mezani, nikageuka nikajifanya natafuta chumvi."

Kisha yule mama, ambaye kwa miaka kumi na minne alimsalimia mkwewe kwa mbali, akiwa amepiga goti na kutazama pembeni, aliinuka, akaja akaketi kitandani, akaushika mkono wa Nazari kwa mikono yake yote miwili. Nazari akalia waziwazi, bila kuficha uso.

Wauguzi walipokuja na kitanda cha magurudumu, Mama Emerensiana aliandamana nao bila kuuachia mkono ule, hadi kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, alipozuiwa.

"Ukitoka humo, mwanangu," alimwambia, "kohoa. Kohoa mbele yangu mpaka uchoke."