Msaidizi wa Mungu

Usiku wa jana niliota kwaya yetu inaingia kanisani kwa kupitia dirisha la sakristia, mmoja mmoja, tukitanguliza mgongo. Ndotoni jambo hilo halikunishangaza hata kidogo. Siku ya mashindano mlango si wa kuaminika. Wapinzani wetu wa mtaa wa juu walikuwa wamefika mapema mno, na mtu akifika mapema mno mlangoni ujue amemwaga kitu.

Niseme kwanza mimi ni nani. Naimba sauti ya nne, safu ya nyuma, kwa sababu ya urefu wangu na kwa sababu mwalimu wa kwaya anasema sauti yangu inapendeza zaidi ikiwa mbali. Mke wangu Nakunda anaimba sauti ya kwanza, tena yeye ndiye anayeanzisha. Akifungua kinywa, hata wale wanaokuja kanisani kusinzia huinua vichwa. Ndiye pia fundi wetu wa majoho. Mashindano yenyewe ya jimbo ni Jumapili hii, na hapa milimani Upareni kwaya yetu haijawahi kuyashinda. Mara nyingi tunakuwa wa pili kutoka mwisho, na tunamshukuru Mungu kwamba wa mwisho yupo.

Basi nikakwama dirishani. Tumbo.

"Wewe ni muumini au ni mwanakwaya?" dirisha likaniuliza.

"Vyote viwili."

"Chagua kimoja. Nafasi yenyewe unaiona."

Nilikuwa na haraka, nikasema mwanakwaya. Likanipitisha bila shida yoyote, na hapo ndipo wasiwasi uliponianza.

Ndani yuko Mwalimu Senkondo, mwalimu wetu wa kwaya, mtu mpole anayefundisha hesabu siku za kazi. Anasimama chini ya dirisha akipokea watu kama magunia.

"Mguu wa kushoto kwanza, jamani. Tumeshaelekezwa, wa kushoto."

"Tumeelekezwa na nani, Mwalimu?"

"Na Msaidizi," akasema, akanionyesha madhabahuni.

Madhabahuni kuna viti viwili. Kimoja ni kitupu. Juu ya kingine kimekaa kipande cha mti, kimo chake kama kinu, kimevishwa skafu ya mchungaji, na mahali pa macho kimeshonewa vifungo vya shati. Mzee wa kanisa anakipepea kwa kitabu cha nyimbo.

"Karibu, Baba Mbonea," kikaniambia. "Usiogope. Mimi si mungu."

"Nashukuru kusikia hivyo."

"Mimi ni msaidizi tu. Mungu ana mambo mengi. Kuna mvua, kuna vita, kuna wagonjwa. Mashindano ya kwaya ni jambo dogo, mtu mzima hamsumbui nalo. Hilo nalishughulikia mimi."

Lugha yake ilikuwa safi na adabu tele. Ningemkuta harusini ningempisha akae.

"Wewe si hirizi wewe?" nikauliza. Inaonekana nikiwa usingizini mimi ni mkali kuliko nikiwa macho.

"Si hirizi," Mwalimu Senkondo akadakia. "Ni kinga."

Msaidizi akarefuka shibiri moja. Niliona kwa macho yangu, skafu ikapanda juu kidogo.

"Ni mila tu," akasema mzee wa kanisa. "Mila ina ubaya gani?"

Shibiri nyingine.

"Kwani tangawizi ya koo hatunywi?" akauliza Mama Kazeni wa sauti ya pili. "Si ni yaleyale?"

Akarefuka tena. Halafu kijana mmoja wa sauti ya tatu akasema, "Mbona tumeshakiombea?" na hilo lilimpeleka Msaidizi hadi kwenye mabati, ikabidi ainamishe kichwa. Mzee wa kanisa akatafuta ngazi ili aendelee kupepea.

Majaji walikuwa watatu. Wawili walikuwa watu wa kawaida wenye miwani. Wa tatu alikuwa fisi. Alikuwa amevaa tai, na hakuna aliyemtazama mara mbili.

"Imbeni," akasema jaji wa kwanza.

Nakunda anapiga hatua mbele. Joho lake jipya jeupe limempendeza, nami nasimama nyuma na joho langu la mwaka jana, kwa sababu lile jipya halikunitosha tumboni na bado halijarekebishwa. Mwalimu anainua mikono. Nakunda anafungua kinywa.

Hakuna kinachotoka. Midomo yake imegeuka mbao. Mbao nzuri, mninga, unaiona hata mistari yake. Inapanda mashavuni, inashuka shingoni, polepole, bila kelele. Kisha sauti ya pili nao wanageuka. Kisha sauti ya tatu, hao wanakuwa mikaratusi na kuanza kupasuka papo hapo, jambo ambalo kwa kweli wamekuwa wakilifanya miaka yote.

"Utulivu wa kupigiwa mfano," akasema jaji wa kwanza, huku akiandika.

"Hakuna hata mmoja anayepotea sauti," akasema wa pili.

Tulikuwa tunashinda. Mwalimu Senkondo alikuwa akilia kwa furaha, mikono ikiendelea kuongoza kimya kile.

Nikasogea hadi mbele nikamtazama mke wangu. Macho yake yalikuwa bado macho. Yalinitazama kama siku ile alipougua sana akashindwa hata kuomba maji. Niliogopa, nasema wazi. Nimeishi na sauti ya mwanamke huyu jikoni na shambani, na sikujua nyumba yangu ingekuwa nini bila hiyo.

"Mimi sitaki lawama," likasema joho lake. "Mimi ni kitambaa. Lakini nimebebeshwa kitu kwenye pindo. Majoho yote mapya tumebebeshwa. Kinanuka manyoya."

"Nani kakubebesha?"

"Jina sikuliona. Mkono ulikuwa laini. Ulikuwa umezoea sindano."

 Mkono huo naujua.

Fisi akaja akichechemea, miguu ya kushoto na ya kulia kwa zamu. Akainua tai yake. Chini yake palikuwa na mshono, kuanzia puani hadi mkiani.

"Nilisikia harufu ya nyama njia mbili," akasema. "Nikasema, kwani lazima nichague? Huku mguu huu, huku mguu huu."

"Hadithi yako naijua."

"Wote wanaijua. Wanaicheka, kisha wanakuja kuniuliza njia."

"Mke wangu anakuwa mti. Nifanye nini?"

"Anayetegemea kitu kisichosema, naye huishia kutosema. Si adhabu, ni kufanana tu. Mimi nilipopasuka walinishona. Wewe fumua." Akarudi mezani kwake, akakaa kwa uangalifu.

Nilipogeuka kanisa halikuwepo. Tulikuwa chini kabisa ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, lile walilolichimba mababu na ambalo tunalifungulia kwa zamu. Lilikuwa tupu, limebaki tope. Viti viwili vya madhabahuni vilikuja nasi. Meza ya majaji pia. Mashindano yakaendelea.

Ndipo ndege wakanyamaza. Kisha upepo ukanyamaza, na nyasi za ukingoni zikalala zote upande mmoja ingawa hakukuwa na kitu cha kuzilaza.

Kile kiti kitupu kikaanza kuzama kwenye tope.

Hakuna aliyekikalia. Nakitazama vizuri, sisogei, hakuna mtu. Lakini miguu yake inazama kidogokidogo, jinsi kiti kinavyozama mtu mzito anapokikalia taratibu bila kutaka kukivunja. Inazama hadi tope linafika kwenye mbao. Majaji wanasimama. Fisi analala kifudifudi, tai na yote. Mzee wa kanisa anashuka kwenye ngazi na kitabu cha nyimbo kinamwanguka.

Msaidizi hakupungua hata shibiri. Kichwa chake bado kilikuwa juu kule yalipokuwa mabati. Ila sasa niliona alivyokuwa mdogo, na sielewi niliwezaje kumwona mkubwa.

Magoti yangu yalishafika chini kabla sijayaamuru. Nilitaka kukimbia, na nilitaka nibaki palepale hadi nife, na kwa mara ya kwanza maishani sikuona kama ni matakwa mawili. Moyo ulikuwa umejaa hadi unauma. Sijui kulisema vizuri zaidi ya hivyo.

Sauti haikutoka kitini. Ilitoka kila mahali palipokuwa na udongo, na haikuwa kubwa.

"Nakunda yuko wapi?"

Basi, hayo tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengine. Nani aliyeshona, nani aliyekwenda kwa mganga, nani aliyepitisha wazo hilo kikaoni. Nilikuwa na majina mdomoni kabisa. Hakuna aliyeniuliza. Alikuwa anamtafuta mke wangu, kama mtu anayerudi nyumbani na kukuta mmoja hayupo. Nikalia.

Nakunda alisikia. Alikuwa mti hadi kifuani, lakini chozi lilimtoka, likateremka kwa kufuata mistari ya mbao.

"Baba Mbonea," Msaidizi akasema kule juu, kwa adabu yake ileile, "tuzungumze kiutu uzima. Ukifumua, mmeshindwa. Mtakuwa wa mwisho kabisa, na wale wa mtaa wa juu watawacheka hadi Krismasi."

"Ndugu yangu, tafadhali," Mwalimu Senkondo akaninong'oneza. Nikamhurumia. "Zimebaki alama chache tu. Tushinde kwanza. Tutatubu Jumatatu."

Msaidizi akarefuka tena.

Mkasi sikuwa nao. Nikatambaa kwenye tope hadi miguuni pa mke wangu, nikalishika pindo la joho, nikalipapasa hadi nikakuta mahali penye uvimbe. Palishonwa kwa uzi mwekundu, mishono midogo iliyobanana. Nikauma. Ulikuwa mchungu kuliko mwarobaini, nao ulikataa kukatika, nikauma tena hadi meno yakalia. Nyuma yangu nilisikia wanakwaya waliobaki watu wakisema si vizuri, si mahali pake, wageni wanatuona. Nikauma.

Uzi ukakatika. Kitu kikadondoka topeni, kidogo kuliko punje ya maharage. Tulikiinamia sote kukitazama. Hata Mwalimu alikiinamia, akasema, "Ndicho hicho?"

Nikainua macho kumtazama Msaidizi, nisikie atasema nini. Hakusema. Nikamtazama vizuri. Hakuwa na mdomo. Hakuwahi kuwa nao. Muda wote ule tulikuwa tukisema wenyewe.

Ile mbao ikavuta pumzi.

Kifua cha Nakunda kinapanda. Shingo inarudi kuwa shingo, mashavu yanarudi, midomo inapata damu. Kule juu mlimani nasikia maji yamefunguliwa na yanakuja kwa mfereji, mengi, yanakuja kwetu, na simwoni hata mmoja anayekimbia. Kiti kimezama na kinangoja. Swali bado limesimama hewani pale lilipoulizwa. Nakunda anafungua kinywa ili ajibu.

"Baba Mbonea! We, Baba Mbonea!"

Nilikuwa kitandani, na kumekucha. Nakunda alikuwa ananitikisa bega.

"Unasaga meno mpaka kitanda kinatikisika. Unatafuna nini?"

Nikataka kumjibu, lakini kulikuwa na kitu kimenikwama kati ya meno, upande wa kulia. Nikaingiza vidole nikakivuta. Kilitoka polepole, chenye mate, kichungu. Kipande cha uzi mwekundu.

Nakunda akautazama. Kisha akageuka kutazama joho lake jeupe lililoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, akarudi kunitazama mimi. Mkono wake ulikwenda mdomoni.

"Nani kakwambia?" akanong'ona. "Nilishona ukiwa shambani. Mwalimu alituapisha sisi tuliojua tusiseme hata kwa waume zetu."

"Sijaambiwa na mtu. Umeulizwa uko wapi."

"Nimeulizwa na nani?"

Nilishindwa kumtaja. Nilijaribu, machozi yakanitangulia, na nadhani ndiyo yaliyomjibu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu kwenye sakafu, akiwa amenipa mgongo. Nje watoto wa jirani walikuwa wanapita kwenda kuteka maji. 

"Nipo hapa," akasema. Sauti ilikuwa imemkauka, lakini ilikuwa ya kwake, na hakuwa akizungumza na mimi.