Mtani wa Godbless

Kariakoo hakuna anayebandika tangazo la kazi ukutani. Mwenye duka akitaka mtu huwauliza watu wake, nao humtaja wanayemjua, na aliyemtaja ndiye dhamana. Ndivyo Anaeli alivyoipata kazi yake, alipokuwa mgeni kutoka Same, nguo zake zote ndani ya mfuko wa rambo. Godbless, Mchaga wa Rombo aliyepanga nyumba moja naye Ilala, alimshika mkono akampeleka kwenye duka la vyombo la Mzee Abdulmajid, karibu na Msimbazi.

"Mzee, nimekuletea Mpare," alisema Godbless. "Fedha yako itakuwa salama. Huyu hata ya kwake mwenyewe huwa hatumii!"

Mzee alicheka mpaka kofia ikamvuka. Wapare na Wachaga ni watani tangu enzi za mababu, hutukanana hata msibani na hakuna anayenuna. Mzee naye, Mzaramo mwenye watani wake, alijua kupeta pumba akabaki na mchele. Anaeli alianza kazi siku ile ile.

Dunia haikai mahali pamoja. Meza ya mitumba ya Godbless iliondolewa barabarani, mtaji ukaishia kwenye kodi ya nyumba, na mkewe Winifrida alikuwa mjamzito. Godbless hakuona haya kumwendea mtani wake.

"Mpare, nichomekee hapo kwenu. Hata kubeba mabeseni nitabeba."

Na nafasi ilikuwepo. Mzee alikuwa akiumwa miguu, akabaki nyumbani, na duka likawa mikononi mwa binti yake Sitara, aliyelelewa Muscat kwa mama yake mkubwa. Asubuhi moja Sitara alikuwa akipanga chupa za chai, akauliza, "Anaeli, yule rafiki yako Godbless unamwonaje? Baba anamsifu."

"Yule Mchaga, dada? Ukimwajiri, funga droo, na ufunguo ulale nao!"

Ulimi ulimtangulia, kama ilivyo kwa watani. Alikusudia kumalizia kwamba Kariakoo nzima hakuna mtu mwaminifu kama Godbless. Lakini Sitara hakucheka. Aliiweka chini chupa aliyoishika.

"Kweli?"

Lilihitajika neno moja tu: natania. Anaeli alikuwa nalo mdomoni. Ila Sitara alikuwa ameshasema kwamba anataka kufungua duka la pili na atahitaji msimamizi, na Godbless, jamani, mteja akimjia kuulizia kijiko huondoka na seti nzima ya sufuria. Anaeli alijiona akipokea amri kutoka kwa mtu aliyemleta yeye mwenyewe. Akacheka. Kicheko kifupi, kisichosema ndiyo wala hapana, kisha akainama kufunga mzigo wa mteja.

Kazi alipewa kijana aliyetajwa na jirani wa duka la mapazia.

Tangu siku hiyo Anaeli aliwakwepa Godbless na mkewe. Akimkuta Winifrida bombani na ndoo yake, alijifanya ana haraka. Alijiambia kwamba utani ni utani, kosa ni la dada wa watu asiyejua mila. Uongo mtupu, na aliujua. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, naye hakuwa na haja ya kumtafuta punda mbali. Kila asubuhi aliapa kumweleza Sitara ukweli, na kila asubuhi mteja akiingia alimshukuru Mungu kwa kumleta. Alijichukia.

Jumapili Godbless alimwita kwake. Winifrida alikuwa amepika ndizi na nyama, akamkaribisha mgeni, akampakulia mnofu ambao ungewatosha mumewe na yeye.

"Kula, shemeji," alisema. "Umehangaika kutusemea. Haikuwa riziki tu."

"Asante, shemeji," alijibu Anaeli, akaukata mnofu vipande vidogo vidogo bila kuula.

Godbless alimkonyeza mkewe. Miezi yote ile ya dhiki haikumwondolea utani wake.

"Riziki gani? Huyu Mpare ndiye aliyeniharibia! Kaona nakuja kumpokonya cheo, akaenda kunisema kwa bosi kwamba mimi mwizi!"

Winifrida aliangua kicheko, akajishika tumbo. Sasa ilikuwa zamu ya Anaeli. Mtani akitupiwa hurudisha, tena kwa kali zaidi, na yeye alikuwa na ghala zima la kurudisha: Mchaga aliyekufa akafufuka aliposikia sarafu ikidondoka, Mchaga aliyemuuzia mama mkwe wake ndizi za shambani kwake mwenyewe. Lolote lingetosha. Aliendelea kuikata nyama.

"Jibu basi, Mpare," alisema Godbless, bado akitabasamu, akingoja.

Anaeli aliitazama nyama kwenye sahani. Machozi yalimjaa, na hakuwa na pa kuyaficha.

Kicheko cha Winifrida kilikatika. Tabasamu la Godbless lilibaki kidogo, kisha likaondoka taratibu. Aliweka kijiko chini.

"Anaeli," alisema.

Tangu wajuane hakuwahi kumwita kwa jina lake.