Vibao vya Maua ya Nandimba

Bwana Lukasi aling'oa kibao cha kwanza kwa mkono wake mwenyewe, akakikung'uta udongo kwenye soli ya kiatu, kisha akakisoma kwa sauti kama mtu anayesoma hukumu.

"Asumini. Bi Rehema. Nandimba." Akaniinulia macho. "Nandimba ni wapi, Mwalimu?"

"Unapajua, Ndugu."

"Nakuuliza wewe."

"Ni kule walikotoka," nilisema. Kisha nikajisahihisha. "Walikotolewa."

Akang'oa cha pili, akang'oa cha tatu. Vilikuwa kumi na saba, vimechomekwa kila kimoja chini ya ua lake, mbele ya ofisi ya kijiji, na kila kimoja alikivuta kama mtu anayeng'oa jino la mwenzake. Wanawake walisimama kando ya ukuta, kanga begani. Mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, chaki mfukoni, na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Leo nina wajukuu, lakini mlio wa vile vibao vikigongana kwenye ndoo ya Bwana Lukasi haujanitoka masikioni.

Huo ulikuwa mwezi wa sita, mwaka 1975.

Malori ya kuwahamisha watu yalikuwa yamefika Nandimba mwezi wa tisa wa mwaka uliotangulia. Sikuwapo. Mimi ni mtu wa Mtawanya, nililetwa baadaye kufundisha kisomo cha watu wazima. Lakini nimesimuliwa habari za siku ile mara nyingi mno, hata vumbi lake nadhani nimelivuta. Watu waliambiwa wachukue wanachoweza kubeba. Wanaume walibeba milango na magunia ya makopa ya muhogo. Mikorosho haibebeki. Bi Rehema alikuwa keshapanda lori, pakacha la vyombo miguuni, alipoteremka ghafla, akarudi uani na jembe, akaichimba asumini yake pamoja na donge lake la udongo, akaifunga ndani ya kanga aliyoolewa nayo. Alipanda tena lorini ameipakata kama mwana. Wenzake walipomwona, nao wakateremka. Dereva alipiga honi mpaka akachoka. Lori liliondoka na mawaridi, vilua, mirehani, mihina, na mlangilangi mmoja ambao haukuzidi urefu wa mkono.

Kijiji kipya, upande wa Ziwani, kilikuwa kimepimwa kwa kamba. Nyumba zilipangwa mistari, kila mlango na namba yake ya chokaa. Ukimuuliza mtoto kwao wapi, alitakiwa akujibu kwa herufi na namba. Kiangazi kile chote cha kuelekea masika wanawake waliyalea maua yao kwenye makopo na vyungu vilivyopasuka, wakiyanywesha maji waliyooshea mchele. Mvua za kwanza ziliposhuka, Bwana Lukasi akatoa oda: maua yote yahamishiwe mbele ya ofisi, yapangwe duara, kijiji kipendeze.

"Maua ni ya kijiji," alisema.

Alikuwa msimamizi aliyetumwa kutoka mjini, kijana msafi, kalamu tatu mfukoni mwa shati. Sitamsingizia ubaya. Alikuwa mtu mwoga, basi, na mwoga akipewa muhuri hugonga kwa nguvu kuliko shujaa.

Wanawake waliyahamisha. Lakini alasiri ile Bi Rehema alibaki darasani wenzake walipotoka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, sauti nzito, na katika kusoma alikuwa amefika mahali pale ambapo herufi huanza kukaa kimya na kutii.

"Mwalimu, niandikie jina langu, nikalichomeke pale kwenye asumini."

"Liandike mwenyewe, Bi Rehema."

"Basi niandikie la Nandimba. Mie N yangu inaangalia nyuma."

Tukaisahihisha N. Kesho yake alikuja na rafiki yake, Bibi Zainabu, mwenye mawaridi. Wiki haikwisha, darasa zima lilikuwa linataka vibao.

Nilidhani ni kazi ya siku moja. Tulianza na makaratasi magumu ya boksi na wino wa dukani. Mvua ya usiku mmoja iliyanywa majina yote. Asubuhi tulikuta makaratasi yamelala chini kama ulimi wa mbwa. Tukachonga vipande vya mbao, tukaandika kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka milango ya shule. Hivyo vilitupa moyo kwa wiki sita. Kisha Bi Rehema akashika kimoja kukinyoosha, kikabaki ngozi tupu mkononi, ndani mchwa wamekula hadi N yake aliyoihangaikia. Tukakata makopo ya maziwa. Chumvi ya pwani haina subira: mwezi haukwisha, kutu ilikuwa imeshatambaa juu ya herufi, Nandimba ikasomeka "Na", ikanyamaza.

"Tuache," alisema mmoja.

"Uache wewe," alisema Bibi Zainabu. "Mie nimehamishwa mara moja. Sihamishwi na kutu."

Ndipo nikaenda Mikindani. Nilimkumbuka Rukiyabai, mama mwenye duka la vyombo, ambaye mama yangu alikuwa akimpelekea ukindu. Nilimweleza shida yangu, nikitegemea anionyeshe rangi ya mashua. Alinisikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akatoka na sufuria nzee, imetoboka kitako.

"Soma hapa," akaniambia, akinionyesha ukingoni.

Palikuwa na vitone vidogo vidogo, vimegongwa kwa msumari, vimejipanga kuwa maandishi ya Kigujarati. Sikuweza kuyasoma, nikamwambia hivyo.

"Jina la mama yangu. Sufuria hii alipewa alipoolewa. Arobaini na minane, miaka. Imepikiwa, imesuguliwa kwa mchanga na majivu, watu wanne wametoka nyumba hii kwenda kuzikwa. Jina bado." Akaigonga kwa ukucha. "Rangi unaiweka juu, binti, na kila kilicho juu huondoka. Hii imeingia."

Akaniuliza maua ni ya nani, na yametoka wapi. Nilipomwambia, alizungusha macho dukani. Duka lake lilikuwa nusu tupu, majirani zake wawili walikuwa wameshafunga na kuondoka nchini mwaka ule. Akaita mtumishi wake atoe masufuria yote yaliyotoboka, akayafunga kamba. La mama yake akalibakiza.

Kazi ile tuliifanya darasani, alasiri baada ya alasiri, tukisukuma madawati kando. Tuliyakata masufuria kwa mkasi wa bati, tukayanyoosha juu ya gogo la mkorosho kwa nyundo ya mbao. Jina liliandikwa kwanza kwa mkaa, herufi za vidole vitatu urefu wake, maana wasomaji wetu walikuwa wageni wa kusoma na herufi ndogo huwaonea wageni. Kisha msumari: tone, tone, tone. Ukigonga kwa pupa unatoboa, ukiogopa hakuna kinachobaki. Vitone vyote vilipokuwa tayari tulivipaka masizi yaliyochanganywa na mafuta ya ganda la korosho, yale mafuta meusi yanayobabua ngozi. Bi Rehema aliunguzwa kidole gumba, akacheka. Tulipofuta, weusi ulibaki ndani ya vitone peke yake. Vigingi vilikuwa vya mkoko, tuliletewa na waliokwenda mlangoni mwa mto Ruvuma kukata boriti, kwa sababu mkoko mchwa hawaupendi.

Mwezi wa tano vibao vyote vilikuwa ardhini. Ikawa desturi: wakitoka darasani wanapita bustanini, wanasomeana. Kilua, Nandimba. Hina, Nandimba. Bibi Zainabu, ambaye ukungu wa macho ulikuwa unamla taratibu, alikuwa akiinama na kupitisha kidole kwenye vitone.

"Hii A," anasema. "Ina miguu miwili na mshipi kiunoni."

Tangu hapo sijaona kitabu kilichosomwa namna ile.

Habari zikamfikia Bwana Lukasi kwamba mgeni mkubwa wa mkoa atakuja kukagua kijiji. Siku hiyohiyo aliitazama bustani yake kwa macho ya mgeni, akaona, pengine kwa mara ya kwanza, kilichoandikwa. Mahali ambapo ripoti zake zilisema pamesahaulika palikuwa pametajwa mara kumi na saba mbele ya mlango wake.

Basi ndiyo siku ile ya ndoo. Alipomaliza kung'oa alinikabidhi karatasi.

"Utatengeneza vingine. Ua Namba Moja, Ua Namba Mbili, mpaka mwisho. Sufuria mnazo."

"Sitatengeneza, Ndugu."

"Mwalimu, nimesema kwa wema."

"Nami nimejibu kwa wema. Sitatengeneza."

"Unajua unazungumza na nani?"

"Najua. Ndiyo maana nimekuita Ndugu."

Sikio lake lilibadilika rangi. Aliibeba ndoo ofisini, nikasikia kabati likifunguliwa na kufungwa, ufunguo ukazunguka. Nilipogeuka, Bi Rehema alikuwa ananitazama. Hakunipongeza. Alisema tu, "Kesho darasa lipo?" Nikamwambia lipo.

Mgeni alifika Alhamisi asubuhi, na gari mbili na msafara wa watu wa mafaili. Alikuwa mtu mzima, aliyechoka, anayesikiliza huku akitazama paa. Aliona ghala, akaona kisima. Kisha akaomba kuona kisomo. Tulikuwa tumekaa tayari. Bwana Lukasi mwenyewe aliandika ubaoni sentensi juu ya kilimo, akamteua Bi Rehema asome, kwa kuwa alimjua ni hodari.

Bi Rehema akasimama, akasoma moja kwa moja bila kukwama. Wageni wakapiga makofi. Yeye hakukaa.

"Kuna kitu kingine najua kukisoma," alisema. "Ila kimefungiwa kabatini."

Makofi yakafa.

"Kitu gani, mama?" mgeni akauliza.

"Jina langu."

Nilimwona Bwana Lukasi akigusa mfuko wa suruali, pale ulipokuwa ufunguo, kama mtu aliyeumwa na siafu. Akaanza kusema habari ya usafi, ya mpangilio, ya vibao kupelekwa kurekebishwa. Mgeni akanyoosha mkono tu, kiganja juu. Tukatoka sote hadi ofisini. Ufunguo haukuingia mara ya kwanza wala ya pili.

Ndoo ikawekwa mezani. Mgeni akachukua kibao, akakigeuza nyuma, ambako bado lilikuwapo doa jeusi la moto wa mpishi wa zamani. Akakigeuza tena. Kabla hajasema neno, Bi Rehema akanyoosha mikono miwili kwa adabu, akakipokea.

"Asumini. Bi Rehema. Nandimba." Akatoka nacho nje. Tulimwona dirishani anapiga magoti, anagonga kigingi kwa jiwe.

Akafuata wa pili. Hakuna aliyewapanga, na mimi, wallahi, sikuwa nimewaambia kitu. Kila mmoja alisoma chake kwa sauti, mbele ya watu wa mafaili, akatoka. Wa mwisho alikuwa Bibi Zainabu. Alishusha kidole juu ya bati, akaanza polepole, herufi moja moja, na chumba kizima kikamngojea. Alipofika Nandimba hakuhitaji kidole. Alilisema jina lile akimtazama Bwana Lukasi, au pale alipodhani amesimama.

Mgeni alitazama saa yake. "Maua mazuri," alisema, akaenda garini. Mpaka leo sijui alimaanisha nini.

Jioni ile niliagizwa niandike barua ya kujieleza, na nikaelezwa maneno ya kuweka ndani: nimekosea, najuta, sitarudia. Niliandika mistari miwili: *Tuliandika majina ya wenye maua na mahali maua yalikotoka. Hakuna kibao chenye uongo.* Nikatia sahihi. Siku nane baadaye nikajibiwa kwamba huduma yangu haihitajiwi tena. Nikafunga sanduku langu, nikarudi Mtawanya kulima muhogo na mama.

Bwana Lukasi hakuving'oa tena. Wengine walisema alimwogopa mgeni; mimi nadhani aliwaogopa wanawake kumi na saba wenye mawe mikononi. Alihamishwa mwaka uliofuata. Nilipita pale zamani kidogo, nikiwa njiani kwenda mazishini. Ofisi ilikuwa gofu. Mlangilangi ulikuwa umepita paa. Maua mengine yalikuwa yamekufa, na chini ya majani makavu nilikuta vibao vinne, nikavifuta kwa kanga. Vilisomeka vyote.

Lakini ninalolikumbuka zaidi ni la kabla ya hapo, wiki ya tatu baada ya kufukuzwa. Nilikuwa uani namenya muhogo, nikaona watu njiani, wanawake tisa, miguu myekundu kwa vumbi hadi magotini. Walikuwa wametoka kwao alfajiri. Bi Rehema alikuwa mbele, nyuma yake Bibi Zainabu ameshika ncha ya kanga yake asipotee. Wakaamkiana na mama yangu, wakanywa maji, wakakaa. Kisha kila mmoja akafungua fundo lake na kutoa kitabu.

"Tumeishia sura ya kumi na mbili," alisema Bi Rehema.

"Mimi si mwalimu wenu tena. Barua imesema."

"Tumesikia barua." Akakifungua kitabu, akakilaza juu ya goti, akakinyoosha kwa kiganja. "Sisi hatujasema."

Nikanawa mikono, nikaenda ndani kuleta mkeka.