Vijitabu vya Bi Inshirah

Kichochoro chetu hapa Aleksandria kilimjua Bi Inshirah kwa sauti yake. Alikuwa akisimama kwenye roshani, ghorofa ya tatu, anamtukana kwa mapenzi Mahrus muuza matunda mpaka amchagulie mapera mazuri. Majira ya joto yalipokwisha alipasuliwa koo hospitalini, na sauti ikaondoka moja kwa moja. Akajifungia ndani. Kikapu alichokuwa akikiteremsha kwa kamba kutiliwa matunda hakikushuka tena.

Jirani yake, Samiha, akamwendea na karatasi za rangi, mkasi na gundi.

"Shoga, bubu namuweza. Bubu aliyenuna simuwezi," alimwambia. "Hebu tazama."

Akakunja karatasi moja, akaipasua katikati, kikatoka kijitabu cha kurasa nane. Inshirah aligeuza uso. Lakini Samiha alipoondoka, aliushika mkasi.

Kesho yake kikapu kilimshukia Mahrus. Ndani mlikuwa na kijitabu chenye pera la karatasi lenye masharubu kama yake, na maneno: "Haya mapera au mawe? Tafuna wewe kwanza, mzee wa hasara!"

Mahrus alikisoma kwa sauti, wateja wakaangua kicheko. Kisha akajipangusa macho.

"Bibi wee! Mtaa umepooza bila wewe! Nikuchagulie mabivu?"

Kule juu roshani, Inshirah aliitikia kwa kichwa, mabega yakimtikisika kwa kicheko kisichosikika. Mvua za kwanza ziliponyesha, kila mwenye duka alikuwa akisubiri kutukanwa, na Samiha akilalamika kwamba gundi yake inamalizwa.