Safia Afungua Faili ya Mzee

Unga wa shule ya bweni ya Kesses ulishushwa kimakosa Timboroa, ukanyeshewa, ukaharibika wote. Wanafunzi wakalala njaa. Mzee Osman, mwenye malori, alipotazama kwenye kompyuta aliikuta faili ya safari yenye jina la karani wake Nyongesa, na ndani imeandikwa Timboroa.

"Mimi niliandika Kesses, Mzee. Haki ya Mungu!"

"Kwani mashine inadanganya?"

Ilikuwa 1989, na mashine ile yenye skrini tano iliheshimiwa pale Eldoret kuliko diwani. Kila karani alikuwa na neno lake la siri. Safia, mpwa wa Mzee, ndiye aliyeiweka mashine hiyo, na ndiye aliyewaapia kwamba hakuna awezaye kugusa kazi ya mwenzake. Nyongesa alishaanza kuwaza atamwambia nini mkewe kule mtaa wa Pioneer akifutwa kazi.

Safia akaitwa athibitishe hilo. Angeitikia tu, yaishe. Badala yake akaketi, akaingia kwa jina lake mwenyewe kama karani yeyote, akafungua faili ya Mzee na kufuta "saruji". Akaandika "ndizi".

"Abti," akamwambia mjomba wake, "hebu angalia faili yako."

Mzee akaangalia. Ndizi! Na faili bado ina jina lake yeye.

"Hii system ilikuja ikiacha kila faili mpya wazi, mtu yeyote anasoma, anaandika. Password inalinda mlango wa nje tu. Nilifaa kucheck, na sikucheck. Makosa ni yangu, si ya Nyongesa."

Alisema hivyo mbele ya makarani na madereva waliojazana mlangoni. Nyongesa, aliyezoea kuona wakubwa wakisukumiana lawama mpaka zimwangukie mfagiaji, alimheshimu binti yule kuliko alivyowahi kumheshimu askofu.

"Sasa nani aliandika Timboroa?"

"Sijui, Abti. Yeyote kati yetu."

Mzee akavua miwani polepole. Ijumaa alikuwa ametafuta faili yake abadilishe safari ya saruji iende Timboroa. Aliona jina la mji, akalibadilisha bila kutazama faili ni ya nani, akakimbilia msikitini. Saruji ilichelewa kufika Timboroa, naye hakujiuliza kwa nini.

"Ni mimi," akasema, wote wakisikia. "Nyongesa, nisamehe. Rudi kwa kazi yako." Akamgeukia mpwa wake. "Na wewe Safia, funga hizo faili zote. Hata mimi nisiweze kuingia."