Nyumba ya Mwanajuri Namba Tisa

Jumatatu jioni Lavonia Tisdale alitoka mahakamani Ambler, akapitia dukani kununua mkate na maziwa, akakunja kona kwenye kanisa la Wabatisti kama kawaida yake, na nyumba hakuikuta. Ilikuwa mbele kidogo, imepita viwanja viwili, imetua pale fundi bomba alipozoea kuegesha lori. Mti wa pikani ulikuwa umebaki ulipoota. Varanda, ngazi, viti vya kubembea na mama yake mzazi aliyelala kitandani karibu na dirisha, vyote vilikuwa vimekwenda na nyumba.

"Maziwa umeleta?" mama akauliza.

"Nimeleta. Tumehama saa ngapi?"

"Mchana, katikati ya kipindi changu. Taratibu tu, hata chai haikumwagika."

Lavonia akaketi ukingoni mwa kitanda bila kuvua viatu. Hakuna mtu Ambler asiyelijua jambo hili. Ukiitwa kwenye juri, wale raia kumi na wawili wanaoamua kesi, na huna cha kukushikilia, nyumba yako huondoka. Kaunti ilimlipa mwanajuri dola kumi na tano kwa siku, na kile kiwanda cha kuku alikokuwa akikata mabawa hakikumlipa mtu ambaye hakusimama kwenye mstari. Nyumba za wenye pensheni na wenye maduka hazikutikisika hata kigae. Binamu yake Lavonia aliwahi kuwa mwanajuri kwenye kesi ya mauaji iliyochukua kiangazi kizima. Siku hizi anaishi Alabama, na hakufunga hata sanduku moja.

"Hii yetu kesi fupi," akamwambia mama. "Haitafika mbali." Alisema hivyo ili wote wawili wapate usingizi.

Mshtakiwa aliitwa Tavaris Goolsby, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye shati lililomzidi shingo. Ilidaiwa kuwa ameiba kwa bastola kwenye kituo cha mafuta. Muuzaji wa kituo siku ya kwanza aliwaambia polisi kwamba sura ya mwizi hakuiona. Baada ya siku mbili akaonyeshwa picha, akasema ni huyu. Bastola haikupatikana, pesa hazikupatikana. Nyuma ya Tavaris, kila siku, alikaa mama yake ndani ya gauni moja la kijani, hatikisiki wala hajipepei, macho yake kwa wanajuri. Lavonia alijitahidi asikutane nayo.

Walipofungiwa chumbani kuamua, wakapiga kura. Kumi na mmoja walisema ana hatia. Sheria inataka wote kumi na wawili waseme neno moja, basi wakageuka wakamtazama namba tisa.

"Bi Tisdale," akasema msemaji wa juri, Bwana Wetherby, aliyestaafu kuuza bima, "tuambie kinachokutatiza. Hatuna haraka."

"Yule muuzaji alisema hakumwona."

"Baadaye akakumbuka."

"Mimi nikisahau sura ya mtu, picha ya polisi hainikumbushi. Hunifundisha."

Bwana Wetherby akatabasamu, akajimiminia kahawa. Nyumba yake ilikuwa Mtaa wa Magnolia, nayo ilikuwa palepale.

Siku zikafuatana. Kila jioni Lavonia aliendesha gari akiwa ameng'ata mdomo wa chini, akihesabu vituo vya barabara kwa macho: kanisa, ghala la karanga, makaburi, duka la chambo. Kila jioni nyumba ilikuwa imeshuka zaidi kuelekea Kijito cha Batamzinga. Bi Dot, jirani aliyekuwa akimgeuza mama ubavu na kumpa chakula cha mchana, alikuja kwa miguu mpaka makaburini. Ilipofika duka la chambo akapiga simu kusema magoti yamekataa. Mume wa Bi Dot akaifunga nyumba kwa mnyororo kwenye trekta. Asubuhi trekta nalo lilikuwa limesogea, na yeye akalifungua, maana alikuwa bado analilipia.

Kijito kilimkosesha Lavonia raha kwa sababu ndicho mpaka. Ng'ambo ni kaunti ya Hanley, na mtu wa Hanley haketi kwenye juri ya Ambler. Kila asubuhi Jaji Prather aliuliza, kabla ya lolote, kama kuna yeyote ambaye makazi yake yamebadilika. Nyumba ikivuka, Lavonia anatoka, na anayeingia ni mmoja wa wale wa akiba waliokuwa wakisubiri kando, mzee mstaafu wa benki mwenye kofia ya majani, ambaye usoni tu ulijua alishaamua tangu kesi haijaanza.

Kwa hiyo alikuwa akikimbizana na nyumba yake mwenyewe. 

"Dada Vonia," Kermit akamwambia wakati wa mapumziko. Kermit alikuwa mwezeka mapaa, mwanajuri namba nne, na ndiye mwenzake pekee ambaye nyumba yake nayo ilitembea. "Mie jana nimelala kwenye uwanja wa mpira wa shule. Leo watoto wa watu wana mechi. Nakuomba, mwachie Mungu huyo kijana."

"Wewe unaamini ameiba?"

Kermit akaitazama sakafu. "Naamini nina watoto watatu."

"Basi subiri kidogo. Wengine nao watalegea."

"Walegee wapi? Wetherby anakunywa kahawa pale kama yuko harusini!"

Jumanne usiku, wiki ya pili ya kesi, madiwani wa kaunti walikutana kuzungumzia kuongeza malipo ya siku ya wanajuri. Wananchi wachache walisimama wakasema wazi kwamba dola hamsini zingetosha kuzituliza nyumba. Mwenyekiti akajibu kwamba anawaonea huruma kweli, ila fedha zote zimekwenda kwenye barabara, kwa kuwa kila nyumba inapotua mahali papya kaunti hulazimika kumwaga kokoto hadi mlangoni. Wakaahirisha, wakala keki ya viazi vitamu.

Alhamisi alfajiri Lavonia aliamshwa na sauti ya maji. Akafungua dirisha la jikoni, lile la nyuma. Daraja la kijito lilikuwa huko, nyuma ya nyumba.

"Tumevuka," mama akasema kutoka chumbani.

"Nimeona."

"Utawaambia?"

"Siwaambii ng'o."

Gari lilikuwa limekauka mafuta tangu jana, kwa hiyo Kermit ndiye aliyemfuata. Alisimamisha gari mbele ya ngazi, akaitazama nyumba, akalitazama daraja, akamfungulia mlango. Njia nzima walizungumzia mvua.

Jaji Prather akauliza swali lake. Lavonia akaikaza mikono mapajani, mdomo ameufunga. Aliapa mbele ya Biblia, alilijua hilo, na alikuwa tayari kulijibu siku ya kujibu. Jaji akafunua jalada la kesi, naye akaanza kuamini yamepita.

Kermit akanyanyua mkono.

"Mheshimiwa, nyumba ya huyu dada iko ng'ambo ya kijito. Nimeiona kwa macho yangu leo."

Jaji akavua miwani. "Ni kweli, Bi Tisdale?"

"Imevuka usiku. Mimi sijavuka, Mheshimiwa. Mimi niko hapa."

"Sheria inatazama nyumba," jaji akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali. Akamshukuru kwa utumishi wake. Mzee wa kofia ya majani akaketi kwenye kiti namba tisa, kingali na joto, na kabla kahawa ya Bwana Wetherby haijapoa uamuzi ukawa umepatikana. Tavaris Goolsby alifungwa miaka kumi na miwili.

Aliyemrudisha Lavonia nyumbani alikuwa Kermit, maana gari jingine halikuwapo.

"Nitukane tu, dada," akasema walipofika darajani.

"Nikutukane nini? Angalia njia."

Nyumba ilisogea kidogo tena jioni hiyo, kwa mazoea, kisha ikatulia kabisa. Ilitua kwenye shamba la pamba lililovunwa, mkabala na lango la gereza. Mwenye nyumba aliyempangisha aliipata wiki iliyofuata, akakusanya kodi yake. Kiwandani palikuwa mbali sasa, kwa hiyo Lavonia alipata kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli ya barabara kuu. Mama alisema dirisha jipya lina mambo mengi ya kutazama kuliko lile la zamani.

Jumapili moja ya Machi, siku ya kutembelea wafungwa, mwanamke mmoja alipanda ngazi akabisha hodi. Foleni langoni ilikuwa ndefu na alikuwa anaomba maji. Gauni lilikuwa la buluu safari hii, lakini Lavonia alimtambua kabla hajamaliza kusema.

Akamletea chai baridi badala ya maji. Mwanamke akanywa akiwa amesimama.

"Wewe ulikuwa namba tisa."

"Ndiyo."

"Niliingia siku ile nikaona kiti kina mwanaume. Nikamwambia dada yangu, basi, kwisha. Nikadhani umeumwa."

"Nyumba ilivuka."

Mwanamke akaitazama varanda, akalitazama shamba, akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwamba kulikuwa na foleni barabarani. "Nasikia madiwani wamewaongezea wanajuri malipo. Sasa dola ishirini kwa siku."

"Kuanzia Julai."

"Hizo zinasimamisha nyumba?"

"Zinaipunguzia mwendo."

Langoni kengele ikalia na foleni ikaanza kusogea. Mwanamke akarudisha glasi.

"Na kwenye chumba cha juri, mlikuwa wangapi mliosema hapana?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Sheria inasema mmoja anatosha," mama yake Tavaris akasema.

"Anatosha."

Mwanamke akafungua pochi, akatoa kitambulisho, kisha akaifunga akamkabidhi Lavonia, kwa sababu mle gerezani hawaruhusu mtu kuingia na pochi, na gari alilokuja nalo ni la watu. Lavonia akaipokea kwa mikono miwili. Akaketi nayo varandani, juu ya mapaja, mpaka saa za kutembelea zilipokwisha, na Jumapili zote zilizofuata alifanya hivyohivyo.